Olusia, ober na vimelea vya malaria: shajara ya mradi wetu, Kisumu

Januari

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, kimetoka na kamati ya maadili imepitisha maombi yetu, kwa hivyo shajara inaanza leo. Kazi yenyewe ni kuchukua mimea ambayo watu wa magharibi mwa Kenya huinywa wakishikwa na malaria, kuitayarisha jinsi wanavyoitayarisha wao, kisha kuuliza maswali mawili. Je, inaua kimelea cha Plasmodium falciparum? Je, inamwacha salama anayeinywa? Nimesoma makala nyingi za mitishamba ambazo swali la kwanza linachukua kurasa nzima na la pili linapewa aya moja mwishoni. Sisi tumetenga sehemu kubwa ya bajeti kwa vipimo vya sumu tangu mwanzo, ili baadaye mtu asije akasema pesa zimeisha.

Haraka tuliyo nayo ina sababu. Klorokwini ilikuwa dawa ya kila duka hadi vimelea vikaizoea, Kenya ikaiweka kando mwaka 1998 na kuchukua sulfadoksini-pirimethamini. Hiyo nayo haikudumu. Mwaka 2004 sera ikahamia kwenye dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ile ambayo zahanati zote hapa zinaiita AL. Bado inafanya kazi, na yeyote mwenye malaria anapaswa kuimeza yote kama alivyoagizwa. Ila mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda, na mwaka 2021 kutoka kaskazini mwa Uganda, mabadiliko kwenye jeni ya kelch13 yanayofanya vimelea vitoke polepole kwenye damu ya mgonjwa aliyepewa dawa za jamii ya artemisinini. Ukipanda matatu Busia asubuhi, mchana uko Kisumu. Vimelea navyo husafiri na watu.

Na mimea imewahi kutuokoa. Kwinini ilitengwa kutoka gome la mti wa sinkona mwaka 1820 na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou. Artemisinini ilitoka kwa mmea wa Artemisia annua kwa kazi ya Tu Youyou na wenzake huko China miaka ya 1970. Habari ya Tu nitaigusa tena chini, kwa sababu ndiyo iliyoniamulia namna ya kupanga majaribio yetu.

Mimea tuliyoichagua ni minne. Olusia, ambao kitaalamu ni Vernonia amygdalina (wengine siku hizi huuita Gymnanthemum amygdalinum). Maua makech, yaani Tithonia diversifolia, ule wa maua ya njano unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba kuanzia Maseno hadi Vihiga. Nyalwet-kwach, Toddalia asiatica, mtambaaji wenye miiba. Na ober, Albizia coriaria. Mwarobaini tumeuacha. Umeshapimwa sana duniani, na sisi tusingekuwa na jipya la kuongeza.

Januari, wiki ya mwisho: Kibuye, halafu Seme

Tulipita soko la Kibuye siku ya Jumapili. Wauza mitishamba wamejaa, magome yamepangwa mafungu kwenye magunia, mizizi imefungwa kwa kamba za katani. Tulizungumza nao sana lakini hatukununua sampuli. Gome likishakauka na kukatwakatwa huwezi kuapa ni la mti gani, na mradi usioweza kuthibitisha jina la mmea wake hauna msingi. Tumeamua kila sampuli itoke kwenye mti tuliouona umesimama. Kila mti tunachukua tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, tunalikausha likiwa limebanwa kwenye magazeti, kisha linabandikwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa mtaalamu wa mimea alithibitishe na kulihifadhi kwa namba.

Aliyetuongoza ni nyamrerwa mmoja wa Seme, yaani mkunga wa jadi anayejua mitishamba, mama mwenye wajukuu wengi ambaye sote tunamwita Dani, bibi kwa Dholuo. Kabla hajanyanyuka kwenye kigoda chake alitaka kwanza tuelewane.

"Nyara (binti yangu), nikikuonyesha mti leo, mwaka ujao usije ukaniambia ni wako."

Nilimweleza kwamba Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi, na kwamba makubaliano yetu yataandikwa kwa Dholuo na kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya wanawe. Akaongeza sharti lake mwenyewe: majibu yatakayopatikana aambiwe yeye kwanza, yawe mazuri au mabaya, kabla hayajapelekwa mahali pengine. Tumeliandika kama kifungu cha makubaliano.

Kisha akatufundisha. Gome la ober linachemshwa sana mpaka maji yawe na rangi ya chai ya rangi. Gome la mzizi wa nyalwet-kwach linachemshwa pia, kwa muda mfupi zaidi. Maua makech majani yake huchemshwa. Lakini olusia, akasema, haiendi motoni. Majani mabichi yanapondwa kwenye kinu, yanatiwa maji baridi, yanakaa kidogo, kisha yanafikichwa na kukamuliwa kwa mkono mpaka maji yawe ya kijani na mapovu yapande. Hachumi majani ya ncha wala yale makuukuu yenye madoa, anachuma ya katikati ya tawi. Tulimwomba achume kama anavyochuma siku zote, tukapima fungu lake kwenye mizani ya kubeba, naye akakubali kurudia mara kadhaa ili tupate wastani. Fungu la mkono wake halibadiliki sana. Nimeona wafamasia wakihangaika kupata ulinganifu kama ule.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Tu Youyou. Mwanzoni madondoo ya timu yake, yaani kemikali zilizotolewa kwenye mmea, yalikuwa yakifanya kazi leo na kushindwa kesho. Akarudi kusoma maagizo ya mganga wa karne ya 4, Ge Hong, aliyesema majani ya qinghao, jina la Kichina la artemisia, yaloweshwe kwenye maji na kukamuliwa. Hapakuwa na moto. Tu akashuku kwamba joto ndilo linaloharibu dawa, akahamia kwenye etha inayochemka kwa nyuzi 35 hivi, na mnamo Oktoba 1971 dondoo namba 191 likawaondoa vimelea wote kwa panya. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo Dani anaposema olusia isipikwe, mimi nayachukulia maneno hayo kama maagizo ya maabara. Tutatengeneza madondoo matatu ya olusia: la maji baridi kama lake, la maji yaliyochemshwa, na la methanoli, alkoholi yenye sumu inayonyonya kemikali za mmea, kama maabara nyingi zinavyofanya.

Februari

Mwezi wa kukausha, kusaga na kuchuja. Majani yamekaushiwa kivulini kwenye vichanja vya waya, kwa sababu jua kali huharibu baadhi ya kemikali. Olusia ya maji baridi haikukaushwa, ilipondwa ikiwa mbichi siku ileile iliyochumwa, maji yake yakachujwa, yakagandishwa na kukaushwa kwenye mashine ya ombwe mpaka ikabaki unga. Madondoo ya methanoli yamefukizwa kwa nyuzi 40. Yote yako kwenye friza sasa, kila chupa na namba ya mti wake.

Machi: kufuga vimelea

Watu hudhani kazi ngumu ni mimea. Kazi ngumu ni kuviweka hai vimelea.

Tangu mwaka 1976, Trager na Jensen walipoonyesha namna ya kuvikuza nje ya mwili, dunia nzima hutumia njia yao kwa marekebisho madogo: chembe nyekundu za damu ya binadamu, kimiminika cha kulishia seli kiitwacho RPMI 1640, joto la nyuzi 37, na hewa yenye oksijeni kidogo. Sisi tunatumia mchanganyiko wa oksijeni 5%, kaboni dioksaidi 5% na naitrojeni 90%. Kila siku kimiminika kinabadilishwa, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Aina zetu za vimelea ni mbili: 3D7, ambayo klorokwini inaiua bila shida, na W2 yenye asili ya Indochina, ambayo ni sugu kwa klorokwini. Tunazitaka zote mbili, kwa kuwa dondoo linaloua 3D7 pekee halitusaidii sana magharibi mwa Kenya.

Damu nayo ina mambo yake, hasa hapa kwetu. Wengi magharibi wamezaliwa na jeni moja ya selimundu. Hawaugui, na jeni hiyo huwakinga dhidi ya malaria kali tangu utotoni, lakini vimelea hukua vibaya kwenye chembe zao, hasa oksijeni ikiwa chini. Ukitumia damu hiyo bila kujua, utaona vimelea vimedorora na utalisifu dondoo lako kwa kazi iliyofanywa na mtoa damu. Kwa hiyo kila mtoaji wa damu kwa mradi anapimwa kwanza, na anaulizwa kama amemeza dawa yoyote ya malaria majuma yaliyopita.

Mtungi wa gesi uliisha na mwingine ukachelewa njiani kutoka Nairobi. Tulirudi kwenye njia ya Trager na Jensen wenyewe: chupa bapa ndani ya chombo kikubwa cha kioo, mshumaa mweupe unawashwa, kifuniko kinafungwa karibu kabisa, mshumaa unapozimika wenyewe unamalizia kukaza. Mwali umekula oksijeni na kuacha kaboni dioksaidi. Vimelea vilikua vizuri tu. Nawaambia wenzangu wa maabara ndogo wanaosita kuanza kwa kukosa mitungi: mshumaa unatosha.

Kila asubuhi tunatengeneza slaidi. Tone dogo la damu linasambazwa kwa ukingo wa slaidi nyingine, linakauka, linachovywa kwenye methanoli, kisha rangi ya Giemsa ya 10%. Ukiweka mafuta na kuangalia kwa lenzi ya 100, kimelea kichanga kinaonekana kama pete yenye kito kimoja: duara jembamba la buluu na kitone chekundu pembeni. Saa kadhaa baadaye pete imenenepa, ina chembe za kahawia ndani yake, mabaki ya himoglobini iliyokwisha kuliwa. Kabla ya saa 48 kimeshagawanyika na kupasua chembe. Ili vyote viwe na umri mmoja siku ya jaribio tunavitia sorbito ya 5%, ambayo huvipasua vile vikubwa na kuziacha pete.

Aprili: sahani za kwanza

Tumeanza kupima. Sahani ina visima 96. Dondoo linaanza kwa mikrogramu 100 kwa mililita na kupunguzwa nusu kwa nusu kutoka kisima hadi kisima. Vimelea viko kwenye 1% ya chembe, na damu ni 2% ya ujazo. Kuna visima visivyo na dawa, visima visivyo na vimelea, na visima vya klorokwini na artemisinini kama mashahidi wetu. Saa 72 kwenye kitotoleshi, kisha tunatia rangi ya SYBR Green I inayong'aa inaposhika DNA. Chembe nyekundu za binadamu hazina kiini, kwa hiyo DNA inayong'aa pale ni ya kimelea. Mwanga ukipungua, vimelea vimepungua.

Tunatafuta IC50, yaani kiwango kinachopunguza ukuaji kwa nusu. Tulikubaliana kabla ya kuanza, na tukaandika ukutani: chini ya mikrogramu 5 kwa mililita ni kali, 5 hadi 15 inatia moyo, 15 hadi 50 ni hafifu, juu ya 50 tunaiweka kando.

Nyalwet-kwach ya methanoli imeangukia kwenye kundi la kali, kwa 3D7 na kwa W2. Hatukushangaa. Mwaka 1995 timu iliyofanya kazi na gome la mzizi wa Toddalia kutoka Kenya ilitenga humo alkaloidi, kemikali ya mmea, iitwayo nitidini na kuonyesha kwamba inaua vimelea kwa nguvu. Maua makech ya methanoli nayo ni kali. Ober ni kali pia, hata lile la kuchemshwa. Olusia ya methanoli inatia moyo, ya maji baridi ni hafifu, na ya kuchemshwa haikufika nusu hata kwenye mikrogramu 100.

Kwa hiyo Dani alisema kweli: moto unaidhoofisha olusia. Tofauti kati ya maji baridi na yaliyochemshwa imejirudia kila tuliporudia jaribio. Lakini dondoo la methanoli linashinda yote mawili, na hapa kuna mtego ambao watafiti wengi hutumbukia. Hakuna mtu Seme anayekunywa methanoli. Kemikali chungu za olusia ziitwazo lactoni, vernodalini na nduguze, huingia kwenye methanoli kirahisi na kwenye maji kwa shida. Nikichapisha namba ya methanoli na kuandika chini yake "mmea unaotumiwa na jamii ya Waluo", nitakuwa nimelisifu dondoo ambalo jamii hiyo haijawahi kulionja.

Aprili, mwishoni: ober

Namba za ober zilinikosesha amani kwa sababu mchirizo wake kwenye grafu ulikuwa wa ajabu. Kwa kawaida ukuaji hushuka taratibu kadiri dawa inavyozidi. Wa ober ulishuka wima, kama sakafu imetobolewa. Mwenzangu akapendekeza tuangalie damu yenyewe. Tukaweka dondoo kwenye chembe nyekundu safi, zisizo na kimelea hata kimoja, tukasubiri, tukazungusha sahani kwenye mashine ili chembe zitulie chini.

Visima vya kulinganisha vilikuwa sawasawa: kidonge chekundu chini, maji meupe juu. Visima vya ober kwenye viwango vya juu havikuwa na kidonge. Maji yalikuwa mekundu kutoka juu hadi chini, yanapitisha mwanga, chembe zote zimepasuka. Kwenye slaidi tuliona vivuli tu vya chembe, ngozi bila nyama.

Ober ina saponini, kemikali zinazotoa povu na kutoboa utando wa seli. Chembe ikipasuka kimelea kilichomo kinakufa, rangi inapungua, na kompyuta inaandika kwamba dawa ni kali. Kimelea kimekufa kwa kubomolewa nyumba. Tanini, kemikali kakasi za magome, nazo huleta udanganyifu wa namna hiyo, na rangi ya kijani ya majani inaweza kuuchafua mwanga wa SYBR Green. Tangu siku hiyo kila dondoo linapita kwanza kwenye damu safi, na kila kisima chenye namba nzuri kinatengenezewa slaidi ya Giemsa kikatazamwe na jicho la mtu. Kuna slaidi nyingi za kusoma na shingo zinauma, lakini jedwali letu sasa naliamini.

Hii haimaanishi kwamba ober ya Dani inapasua damu ya anayeinywa. Saponini nyingi hazipiti kirahisi kutoka tumboni kwenda kwenye damu. Inamaanisha kwamba sahani yetu haiwezi kutuambia lolote kuhusu ober na malaria. Tumeiondoa kwenye orodha.

Mei: seli za Vero

Stima zilipotea usiku mzima, jenereta ikashika, seli zimesalimika.

Mwezi huu ni wa swali la pili. Tunatumia seli za Vero, ukoo wa seli uliotoka kwenye figo la tumbili mwaka 1962 huko Japani na ambao bado unakua kwenye maabara duniani kote. Tunazipa madondoo yaleyale, kisha tunatia MTT, kemikali ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Kisima cha zambarau kina uhai. Kisima kilichobaki njano kimekufa. Tunagawanya kiwango kinachoua nusu ya seli kwa kile kinachozuia nusu ya vimelea. Tunataka jibu liwe 10 au zaidi, yaani sumu kwa kimelea iwe mbali na sumu kwa mtu.

Sahani ya maua makech ilitoka njano karibu safu nzima. Lactoni yake iitwayo tagitinini C inaua vimelea na seli kwa pamoja, jambo ambalo wengine walishaliona kabla yetu. Nasema hili kwa uzito kwa sababu mmea huu uko kila ua magharibi hapa. Ulitoka Mexico na Amerika ya Kati, umekuwa rafiki wa mkulima kama mbolea ya kijani, na watu wameanza kuunywa kwa homa kwa sababu ni mchungu. Uchungu wa majani haujapimwa na mtu yeyote kama kipimo cha usalama. Ningeshauri ubaki kwenye shamba la mahindi.

Nyalwet-kwach ilituumiza zaidi, maana tuliitegemea. Nayo iko karibu mno: kiwango kinachoua vimelea na kinachoua seli vinapishana kidogo tu. Nitidini inajulikana kushambulia seli zinazogawanyika, ikiwemo za saratani. Tena dawa yenyewe iko mzizini, na kuchimba mzizi ni kuua mmea. Kwenye miteremko tuliyopita, wenyeji walituambia siku hizi inabidi kupanda juu zaidi ili kuupata. Wanakemia wa dawa wanaweza kuitumia nitidini kama kielelezo cha kuunda kitu kingine salama zaidi. Kwa kikombe cha kunywa nyumbani, hapana.

Ikabaki olusia. Dondoo la maji baridi halikuziua seli za Vero hata kwenye kiwango chetu cha juu. La methanoli liliziua kiasi, uwiano wake haukufika 10.

Juni: olusia kwa panya

Kabla ya kuendelea nilitaka timu nzima isome habari moja pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Uganda uliwapa wagonjwa wa malaria isiyo kali maji ya majani ya olusia. Siku ya 14, theluthi mbili hivi walihesabiwa kuwa wamepata nafuu ya kutosha. Lakini miongoni mwa hao waliopata nafuu, ni kama theluthi moja tu ambao damu yao ilikuwa haina vimelea kabisa, na kwa wengi wao vimelea vilirudi baadaye.

Hapo ndipo kiini cha mradi wetu kilipo kwangu. Homa kushuka ni jambo moja, kimelea kutoka ni jambo lingine. Mtu mzima aliyekulia Seme au Nyando ameumwa na mbu tangu kuzaliwa, mwili wake umejifunza kuishi na vimelea, na homa yake hushuka hata kwa msaada mdogo. Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo. Baba akisema "olusia iliniponya" anasema kweli kuhusu mwili wake, lakini ushahidi huo hauwezi kuhamishwa hadi kwa mwanawe. Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo wa aina hiyo mwaka 2019 kuhusu chai ya artemisia: kiasi cha dawa kwenye majani ni kidogo na hubadilikabadilika, mgonjwa anapata nafuu nusu, vimelea vinarudi, na vile vilivyosalimika hujifunza usugu.

Jaribio la panya ni lile la Peters la siku nne. Tunatumia Plasmodium berghei, kimelea cha panya wa mwituni kilichogunduliwa Katanga, Kongo, mwaka 1948. Hakiambukizi watu. Tulitangulia na kipimo cha sumu hadi miligramu 2000 kwa kilo ya uzito. Hakuna panya aliyekufa wala kukataa chakula. Kisha panya waliambukizwa, wakapewa olusia ya maji baridi kwa mdomo siku nne mfululizo. Kundi moja lilipewa klorokwini, lingine maji matupu. Siku ya mwisho tukachukua tone la damu mkiani na kuhesabu vimelea.

Kundi la klorokwini lilikuwa safi. Kundi la maji lilijaa. La olusia lilikuwa katikati: vimelea vilikuwa vichache kuliko kwa waliopewa maji, kwa kiwango ambacho takwimu zinakikubali, lakini hakuna panya hata mmoja aliyesafika. Kwa hiyo majibu yetu na ya Uganda yanaelekea upande mmoja.

Pembeni kidogo, kwa sababu jambo hili hunifurahisha kila nikilikumbuka. Mwaka 1987, kwenye milima ya Mahale, Tanzania, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa aitwaye Chausiku akimenya vijiti vya mmea huu huu, akatafuna utomvu mchungu wa ndani na kutema nyuzi. Kesho yake alikuwa amepata nguvu. Baadaye watafiti waliuhusisha utafunaji huo na minyoo ya tumbo. Mmea una kemikali zenye kazi, hilo halina ubishi.

Julai: Seme tena

Tulirudi kwa Dani kama tulivyoahidi, kabla ya kumtumia mtu yeyote jedwali. Binti yake alitafsiri pale Dholuo changu kilipokwama. Nilianza na mabaya: ober hatukuweza kuisemea, maua makech yasinywewe, nyalwet-kwach iko karibu na sumu. Hakukasirika. Kuhusu maua makech akasema hata yeye hayapendi, vijana ndio waliyaleta. Nyalwet-kwach alinyamazia kwa muda, kisha akauliza ni kiasi gani, kwa mtu mwenye uzito gani. Nikamwambia seli kwenye sahani hazina uzito, na kwamba kwa sasa namwomba asimpe mjamzito wala mtoto. Akakubali.

Nilipofika kwenye olusia na kumwambia inapunguza lakini haimalizi, aliniuliza:

"Yale majani mlichuma mwezi gani?"

"Januari, Dani. Ulituchumia wewe mwenyewe."

"Wakati wa kiangazi. Kiangazi yanakuwa machungu. Mvua ikinyesha uchungu unakimbia. Sasa mmepima ya Januari, mkapima ya lini tena?"

Hatukupima ya wakati mwingine wowote. Swali lake ndilo awamu ijayo ya mradi. Kama lactoni hupanda na kushuka kwa majira, basi kikombe cha Januari na kikombe cha Mei ni dozi mbili tofauti kwenye fungu lilelile la mkono, na hilo peke yake linaweza kueleza kwa nini mgonjwa mmoja hupona na jirani yake harudi sawa.

Kuhusu watoto alikuwa ameshaamua zamani. "Mtoto mwenye homa simpi kitu. Naita boda, aende zahanati atolewe damu kidoleni. Akirudi na dawa yake, mimi naangalia aimalize." Nimemwomba ruhusa ya kuyaandika maneno haya kwenye ripoti yetu kwa wahudumu wa afya wa jamii wa eneo hilo, naye ameridhia.

Mpango wa miezi ijayo: miti ya olusia kwenye boma lake na ya majirani wawili imewekewa vibao vya namba. Majani yatachumwa kila mwezi kwa mkono wake au wa binti yake, kutoka katikati ya tawi, na kukamuliwa kwa maji baridi siku hiyohiyo. Kila dondoo litapimwa kiasi cha vernodalini kabla halijaenda kwenye sahani, pamoja na damu safi na seli za Vero. Mvua za vuli zikianza Oktoba tutakuwa tayari na mafungu ya kiangazi ya kulinganisha. Mtungi wa pili wa gesi umeshaagizwa.